Kijana Asiyejikumbuka: Dragon Quest VIII na Planescape: Torment kwa Mchezaji wa Dar es Salaam

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, na wakati akisubiri matokeo ana vitu vitatu mkononi: simu ya Android yenye nafasi ya kutosha, kibarua cha jioni kwenye duka la vifaa vya simu Kariakoo, na fedha ya kununulia gemu moja tu. Alinijia na masharti yake yakiwa tayari. Alitaka gemu la hadithi, lenye uchawi na mazimwi, lenye shujaa asiyejua alikotoka, na juu ya yote alitaka kucheka. "Mjomba," aliniambia, "yale ya kulialia nimechoka nayo." Masharti hayo yanasikika mepesi, lakini ukiyaweka pamoja yanachuja karibu kila kilichopo, kwa sababu watunzi wengi wa magemu wanapomnyang'anya shujaa kumbukumbu zake humpa pia uso wa majonzi, na kicheko hawamwachii.

Baada ya kuchuja, nilibaki na magemu mawili ambayo nimeyacheza mwenyewe na ambayo yote yanapatikana kwenye simu. La kwanza ni Dragon Quest VIII: Journey of the Cursed King, lililotengenezwa na Level-5 na kutolewa na Square Enix nchini Japani Novemba 2004, kisha Marekani mwaka 2005 na Ulaya mwaka 2006. La pili ni Planescape: Torment, kazi ya Black Isle Studios ya Marekani iliyotoka Desemba 1999 kwa ajili ya kompyuta, na ambayo kampuni ya Beamdog iliitoa upya Aprili 2017 katika toleo lililoboreshwa; toleo hilo ndilo linaloingia kwenye simu. Mtu anayeyatazama kwa juu juu ataona kwamba hayafanani hata kidogo, kwa kuwa moja lina rangi za katuni na jingine linaanzia mochwari. Hata hivyo yote mawili yanamweka mchezaji ndani ya mtu asiyejifahamu, na yote mawili yanamzungusha mtu huyo kwa mzaha.

Namna mbili za kusahau

Shujaa wa Dragon Quest VIII ni kijana mlinzi wa kasri la Trodain, anayefunga kitambaa kichwani na kumbeba panya mdogo mfukoni. Alifika hapo akiwa mtoto, bila kukumbuka wazazi wala kwao, akalelewa katika mazingira ya kasri mpaka akawa askari. Jina lake unampa wewe. Hadithi inaanza baada ya mchekeshaji wa kifalme aitwaye Dhoulmagus kuiba fimbo yenye nguvu za kichawi na kuliapiza kasri zima: watu wamegeuzwa mimea, mfalme Trode amekuwa kiumbe wa kijani anayefanana na chura, na binti yake Medea amekuwa farasi anayekokota mkokoteni. Aliyebaki kama alivyokuwa ni huyo kijana peke yake, na hakuna anayeweza kueleza kwa nini laana ilimruka.

Swali hilo ndilo mlango wa siri ya kumbukumbu zake, lakini gemu halina haraka ya kuufungua. Unaweza kucheza saa 20 ukawa umekwisha kusahau kwamba shujaa wako amesahau, kwa sababu njiani kuna miji, visiwa, kasino na matatizo ya watu wengine yanayohitaji kutatuliwa. Jibu kamili la asili yake limewekwa mbali sana, hata baada ya adui wa mwisho kushindwa, mahali ambapo mchezaji asiye na subira hafiki. Mimi naona huo ni ustadi, ingawa nawaelewa wanaouona kuwa ni uchoyo. Kuhusu panya wa mfukoni nitasema tu kwamba asidharauliwe.

Katika Planescape: Torment mambo yamegeuzwa. Hapo kusahau ndiyo kazi yenyewe ya mchezaji kuanzia dakika ya kwanza. Mtu asiye na jina anaamka juu ya meza ya mawe katika mochwari ya mji wa Sigil, mwili wake ukiwa na makovu kila mahali, na mgongoni amechanjwa maneno ambayo hawezi kuyasoma mwenyewe. Anayemsomea ni Morte, fuvu la kichwa linaloelea hewani na kuongea bila kupumzika. Maneno hayo ni maagizo aliyojiandikia yeye mwenyewe katika maisha yaliyopita: amtafute mtu aitwaye Pharod, asiipoteze shajara yake, na asimwambie mtu yeyote yeye ni nani. Kisa ni kwamba mtu huyu hawezi kufa. Amekwisha kuuawa mara nyingi na kuamka mara nyingi, na kuamka huko kumemgharimu kumbukumbu zake, kwa hiyo anazunguka katika mji ambao watu wanamfahamu kuliko anavyojifahamu. Wapo aliowapenda, wapo aliowadhulumu, na wapo wanaomdai, na wote hao atawasikia wakimweleza habari za mtu ambaye ni yeye na si yeye.

Hapa sina budi kukiri kwamba sharti la "kijana" halitimii vizuri. Kwa sura, shujaa wa Torment ni maiti iliyosimama. Ujana wake ni ule wa mtu ambaye maisha yake yameanza asubuhi hii. Mpwa wangu alipoiona picha yake aliuliza kama huyo ndiye adui.

Kicheko kinatoka wapi

Hili ndilo jambo ninalotaka kulikalia, kwa sababu magemu yanayotangazwa kuwa ya kuchekesha mara nyingi huchekesha mara moja tu, na baada ya saa tano mzaha umekwisha huku safari ikiwa ndiyo kwanza imeanza.

Katika Dragon Quest VIII shujaa hasemi neno hata moja. Anatikisa kichwa, anashangaa, anainamisha uso, basi. Kicheko kinaletwa na walio pembeni yake, hasa Yangus na mfalme Trode. Yangus ni mhalifu mstaafu mnene aliyewahi kusimama kwenye daraja la kamba akidai ushuru, daraja likakatika, na kijana yule yule aliyekuwa akitaka kumpora ndiye aliyemvuta juu. Tangu siku hiyo amejifanya mtumishi wake na humwita "guv", neno la mitaani la London ambalo sisi tungelifasiri "bosi". Miongoni mwa mbinu zake za vita ipo ngoma ya nguo ya ndani, ambayo anaicheza mbele ya maadui kwa uso wa mtu anayetekeleza wajibu. Mfalme Trode kwa upande wake hajapunguza hata chembe ya ufalme: ana ngozi ya kijani na masikio yaliyochongoka, anaketi juu ya mkokoteni kama chifu aliyeletwa kufungua mkutano wa hadhara, na ana tabia ya kutokea ghafla nyuma ya watu katikati ya mazungumzo, akilalamika kwamba hakushirikishwa.

Tukio ninalolipenda zaidi linatokea mapema, katika mji wa kwanza wa Farebury. Kijana na Yangus wameingia mjini kutafuta habari, na mfalme ameachwa asubiri. Anapoonekana uwanjani watu wanajikusanya kumzunguka, mmoja anapiga kelele kwamba ni zimwi, na mawe yanaanza kurushwa. Unacheka, kwa sababu mzee huyo wa kijani anawashangaa kwa dhati, haelewi kabisa kwa nini watu hawamtambui kuwa mfalme. Kisha kicheko kinakukwama, kwa sababu farasi aliye kando yake ni binti yake, na yeye pia yamemfika. Gemu zima limejengwa hivyo: linakuchekesha kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili linakugusa bega. Sura zote za wahusika na mazimwi zilichorwa na Akira Toriyama, aliyefariki Machi 2024, ambaye hana haja ya kutambulishwa kwa kizazi kilichokua kikitazama Dragon Ball. Hata tone la bluu lenye tabasamu, ambalo ndilo adui wa kwanza unayemgonga na upanga, ni kazi ya mkono wake, na ni vigumu kulipiga bila kuona haya kidogo.

Kicheko cha Torment ni cha aina nyingine, na njia ya karibu zaidi ya kukieleza kwa msomaji wa hapa ni kumkumbusha utani wa msibani. Kila aliyehudhuria maziko ya watu wenye watani anamjua yule mtu anayefika watu wakiwa wananong'ona kwa huzuni, akaanza kumsema marehemu kwa deni lake na ubahili wake, na pengine akashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Hana nia mbaya. Ana ruhusa ya desturi. Morte ni mtani wa namna hiyo. Sauti yake ni ya Rob Paulsen, na anatania maiti, anawatania walinzi wa mochwari, anamtania bwana wake ambaye naye ni nusu maiti, na anawachombeza wanawake wazombi kana kwamba yuko harusini. Mtu asiyejua utani atadhani fuvu hili halina heshima, lakini aliyekulia kwenye utani atagundua baada ya muda kwamba mzaha wake unaficha jambo zito, kama ambavyo mtani wa kweli ndiye anayebeba jeneza.

Mbali na Morte, mji wenyewe wa Sigil una vituko vinavyotokana na sheria yake ya ajabu, kwamba katika ulimwengu ule kuamini jambo kunaweza kulifanya liwepo. Upo uchochoro wenye mimba, na wewe unaombwa kuusaidia ujifungue uchochoro mwingine. Lipo pia jambo dogo ambalo wachezaji wengi hulipita bila kuliona: kwa kuwa shujaa hana jina, anapoulizwa anaweza kudanganya kwamba anaitwa Adahn. Mchezaji akiurudia uwongo huo kwa watu wa kutosha, siku moja atamkuta mtu mwenye jina hilo akiwa hai, amezaliwa na uwongo wake. Mimi nililigundua hilo katika mzunguko wa pili na nikakaa kimya kwa muda. Halafu kuna jengo la vyumba vya hatari, aina ambayo kwenye magemu huitwa "dungeon", lililojengwa na viumbe wa mashine ili wachunguze kwa nini watu hupenda kuingia mahali kama hapo kuua mazimwi na kuokota vitu visivyo na maana. Hapo gemu linayacheka magemu yote ya aina yake, likiwemo lenyewe.

Kwa hiyo nikiulizwa lipi linachekesha zaidi, nitajibu kwamba Dragon Quest VIII linachekesha mara nyingi zaidi, na Torment linachekesha kwa muda mrefu zaidi baada ya kulizima.

Kiingereza chake

Hakuna hata moja kati ya haya lenye Kiswahili, na hapa ndipo ulinganisho wa mchezaji wa Dar es Salaam unapoachana na ule wa mchezaji wa London. Mzaha ni kitu cha kwanza kupotea lugha inapomzidi mtu.

Tafsiri ya Kiingereza ya Dragon Quest VIII imejaa lafudhi za Uingereza na majina ya kuchezea maneno. Katika kijiji cha Alexandria, kwa mfano, unazuiwa na watoto wawili wanaojiona walinzi, nao wanaitwa Bangerz na Mash. Kwa Mwingereza hayo ni maneno ya chakula, soseji na viazi vya kupondwa, na anacheka kabla hajafungua mazungumzo. Sisi tungelazimika kuwaita Chipsi na Mayai ndipo jambo lenyewe lionekane. Mchezaji asiyejua chakula hicho anapoteza mzaha mmoja, lakini hapotezi tukio, kwa sababu bado anaona watoto wawili wadogo kupita kiasi wakimtishia mtu mwenye upanga. Picha inamsaidia. Sentensi ni fupi, na kijana mwenye Kiingereza cha sekondari atakwenda nayo vizuri, labda akikwama kwa Yangus katika saa ya kwanza.

Torment halina huruma hiyo. Inakadiriwa kwamba lina maneno 800,000, na mengi kati ya hayo si mazungumzo bali ni maelezo ya kinachoonekana, kinachonuka na kinachowazwa, ambayo picha ndogo iliyo juu ya skrini haiwezi kuyaonyesha. Zaidi ya hapo, wakazi wa Sigil wanazungumza lugha ya mtaani iliyochukuliwa kutoka misemo ya zamani ya wezi na wachuuzi wa London, kiasi kwamba hata mwenye shahada ya Kiingereza hujikuta katika hali ya mgeni aliyeshuka Ubungo leo na kusimama katikati ya Kariakoo, ambaye anasikia Kiswahili kitupu na haelewi anachoambiwa. Jambo la kufariji ni kwamba shujaa mwenyewe naye ni mgeni wa lugha hiyo, na gemu linamruhusu kuuliza. Baada ya saa tatu au nne sikio linazoea, na mtu anaanza kufurahia. Ila saa hizo tatu zimewafukuza watu wengi ninaowafahamu, wakiwemo wasomaji hodari wa riwaya.

Vita, kwa ufupi

Dragon Quest VIII linapigwa kwa zamu: unachagua, unatazama, adui anajibu. Mbinu yake nzuri ni ile ya kujikusanyia hamasa, ambapo mhusika anaacha kupiga kwa zamu moja au zaidi ili ari yake ipande kutoka 5 hadi 20, kisha 50, na hatimaye 100, halafu aachie pigo moja la kumaliza maneno. Ni kamari tamu, kwa sababu adui anaweza kukuwahi. Usumbufu wake ni kwamba katika toleo la simu maadui hawaonekani njiani. Wanakuzukia tu unapotembea, na siku ambayo umechoka utawachukia.

Vita vya Torment ni sehemu yake dhaifu, na hata wapenzi wake hatubishani kuhusu hilo. Vinakwenda papo kwa papo huku ukiweza kusimamisha muda, vina msongamano, na mara nyingi hutamani viishe ili urudi kwenye maongezi. Bahati nzuri vingi vinaweza kuepukwa kwa kusema vizuri. Mchezaji mpya atumie alama zake za mwanzo kwenye hekima, akili na mvuto wa maneno badala ya nguvu za misuli, kwa kuwa hekima ndiyo inayomrudishia shujaa kumbukumbu; aliyemjenga kama mbeba zege atalimaliza gemu bila kujua lilikuwa linahusu nini.

Simu, bando na mwendokasi

Toleo la simu la Dragon Quest VIII, lililotoka nje ya Japani mwaka 2014, lina sifa moja ambayo watengenezaji wake pengine hawakuiwazia Kimara: linachezwa simu ikiwa imesimama wima, kwa kidole gumba kimoja. Mtu aliyesimama ndani ya basi la mwendokasi, mkono mmoja ukiwa umeshika bomba, anaweza kucheza kutoka Kimara mpaka Kivukoni bila kumpiga jirani kiwiko. Kilichopunguzwa ni sauti za waigizaji; toleo la Kiingereza la PlayStation 2 lilikuwa nazo, la simu halina, na Yangus asiyesikika amepungua ladha. Sauti hizo zimo pia katika toleo la Nintendo 3DS, lakini Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la mashine hiyo Machi 2023, kwa hiyo anayelitaka hilo atafute kaseti yake kwa mtu aliyeitumia.

Torment kwenye simu linahitaji macho mazuri. Lilibuniwa kwa ajili ya skrini ya kompyuta na kipanya, na ingawa toleo jipya linakuruhusu kukuza maandishi, kusoma kurasa za maongezi kwenye simu ya kawaida ndani ya daladala ya Mbagala ni adhabu. Kwenye tableti au kompyuta mpakato ni jambo tofauti kabisa. Faida yake ni kwamba unaweza kuhifadhi safari yako karibu mahali popote ambapo hupigani, wakati desturi ya Dragon Quest ni kwenda kanisani na kumwomba padri aandike matendo yako. Ukifa unafufuliwa kanisani na nusu ya fedha zako imekwenda. Anayechezea kompyuta ya mezani katika mtaa ambao umeme hukatika bila kubisha hodi atalithamini hili la kuhifadhi popote.

Yote mawili ni mazito, zaidi ya gigabaiti moja kila moja, kwa hiyo ni busara kuyapakua usiku kwa bando la usiku au penye Wi-Fi. Kwa bei ya kawaida, Dragon Quest VIII kwenye simu ni takriban dola 20 na Torment ni karibu nusu ya hapo, na yote hushuka sana nyakati za punguzo. Unalipa mara moja. Hakuna sarafu za kununua ndani wala matangazo yanayokukatiza. Wasio na kadi ya benki hutumia kadi za mtandaoni zinazotolewa na huduma za fedha za simu, na hilo limeondoa kisingizio cha zamani cha kutafuta nakala za wizi. Anayenunua Torment la kompyuta kupitia Steam, duka la magemu la mtandaoni, ana nafasi ya kurudishiwa fedha yake ndani ya siku 14, mradi hajacheza zaidi ya saa 2, ingawa kwa gemu hili saa mbili ni muda wa kutoka mochwari tu.

Njia ambayo siishauri ni ile niliyoanzia mimi. Miaka mingi iliyopita nilikuta diski ya Dragon Quest VIII kwenye kibanda kimoja cha gemu, ambacho sitakitaja, na nikakubaliana na mwenye kibanda nilipe kwa saa nyakati za mchana ambapo wateja wa mpira ni wachache. Nilimpa shujaa jina la Juma. Nilicheza siku tatu, nikaimaliza kazi ya pango la maporomoko, nikampata padri, akaniandikia. Siku ya nne nikakuta memori kadi imejaa ligi za mpira za vijana wa jirani, na mmoja wao, ili apate nafasi, alikuwa amefuta kitu ambacho hakukielewa. Shujaa asiye na kumbukumbu alipotelea kwenye kadi ya kumbukumbu. Vibanda ni vya mechi za dakika kumi kwa kumi. Gemu linalodai saa 60 au zaidi linataka mashine yako mwenyewe, au angalau kadi yako unayoondoka nayo mfukoni.

Mengine niliyoyaweka kando

Niliulizwa kwa nini sikuliingiza Final Fantasy IX, la mwaka 2000, ambalo liko kwenye simu tangu 2016. Ni gemu zuri, na Zidane, kijana wake mwenye mkia, naye hajui alikozaliwa isipokuwa anakumbuka mwanga wa bluu. Lina vichekesho vingi, hasa vya yule askari Steiner anayetembea akigongana na chuma chake mwenyewe. Ila kuna mtoto mchawi aitwaye Vivi, na mpwa wangu alisema hataki kulia. Disco Elysium la mwaka 2019 nalo lina mpelelezi aliyelewa mpaka akasahau jina lake, na tai yake ya shingoni humsemesha. Nalipenda mno, lakini si la kijana, halina mazimwi, na ni la watu wazima.

Nani achukue lipi

Anayeingia katika magemu ya aina hii kwa mara ya kwanza, anayecheza akiwa njiani, au anayetaka gemu ambalo wadogo zake wanaweza kulitazama begani bila yeye kulazimika kufunika skrini, achukue Dragon Quest VIII. Torment lina maiti zilizoshonwa midomo na lina danguro, hata kama danguro lenyewe ni la mabishano ya akili na mwenye nyumba hamruhusu mtu kugusa mtu. Anayesoma riwaya za Kiingereza kwa hiari yake, mwenye tableti au kompyuta, na ambaye hachoki kuuliza maswali, asipoteze muda kwenye mkokoteni wa mfalme. Aende moja kwa moja mochwari. Aliye katikati, na wengi wako katikati, mimi namwelekeza kwa mfalme kwanza, kwa sababu aliyeanza na fuvu huona kila kitu kingine ni cha watoto, na hiyo ni hasara.

Mpwa wangu sikumwamulia. Nilimkalisha barazani jioni moja, nikampa tableti yangu na kumwachia mwanzo wa Torment kwa dakika 20, kisha nikampa simu yenye Dragon Quest kwa muda huo huo. Kwenye Farebury alitabasamu. Kwenye mochwari aliuliza maana ya maneno saba, akacheka kwa sauti mara mbili, na kabla ya chakula cha usiku alikuwa amekwisha kumwita dada yake kwa tusi la Sigil. Nikajua fuvu limeshinda. Kesho yake akaninunulia vocha ya shukrani na kuniambia amechukua lile la mfalme chura. Nilipomuuliza sababu, alisema lile la fuvu lipo tayari kwangu, na kwangu anakuja kila Jumapili.